Mashua ya mizigo iliyolala zamu mu bahari



Siku moja, mu mabishano yetu ya jioni, kijana mmoja wa darasa la nne alisema: mashini ya zamani, yenye kwenda polepole, haina kazi tena, itupwe tu. Wengi walimpigia mikono. Mimi nilinyamaza sababu kengele ilikuwa karibu, lakini nilikuwa na jibu. Jibu njo hili hapa. Ni habari ya mashua moja ya mizigo. (Wengine wanasema meli. Sisi watu wa ziwa tunasema mashua, hata ikiwa kubwa namna gani.)

Jina lake la kwanza lilikuwa James G. Squires. Ilijengwa mu mji wa Panama City, jimbo la Florida, Marekani, wakati Vita Kuu ya pili ilikuwa inaelekea mwisho. Ilikuwa na ndugu wengi sana: kati ya mwaka 1941 na 1945 Wamarekani walijenga mashua zaidi ya 2,700 za namna ile, zilizoitwa Liberty. Hazikujengwa kwa uzuri, zilijengwa kwa haraka. Moja, Robert E. Peary, iliunganishwa mwaka 1942 kwa siku 4 na saa 15 hivi, vipande vikiwa vimetayarishwa mbele. Urefu wake ulikuwa mita 134, mashini ya mvuke, na mwendo wa kilometa 20 hivi kwa saa. Ni mwendo wa mtu wa kinga anayevuta pedali vizuri ku barabara, si zaidi.

Vita ikaisha, na mashua nyingi zikabaki zimefungwa tu, bila mzigo.

Mwaka 1949 Warusi wakapasua bomu yao ya kwanza ya atomiki. Wamarekani walikuwa na yao tangu 1945, na hapa tusijifanye wageni: sehemu kubwa ya madini ya uranium iliyotumiwa kwa bomu zile ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga. Sasa Wamarekani wakaanza kuogopa ndege za Warusi kupita juu ya bahari usiku na kufika ku miji yao mbele watu hawajaamka.

Dawa ilikuwa rada. Rada inatupa mawimbi ya radio, yanagonga kitu, yanarudi, sawa vile sauti yako inavyorudi ukilia mbele ya mlima. Mawimbi yanakimbia kilometa 300,000 kwa sekunde. Kama yamekwenda na kurudi kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi yametembea kilometa 300, na ndege iko mbali kilometa 150. Hesabu ni nyepesi.

Lakini dunia ni mviringo, na mawimbi ya rada yanakwenda karibu sawa na kamba iliyonyooshwa. Hayashuki sana nyuma ya mgongo wa dunia. Rada iliyosimamishwa mita 25 juu ya maji inaweza kuona ndege inayoruka mita 3,000 toka kilometa 245 hivi. Ndege ikishuka mpaka mita 100, rada ile ile haitaiona mpaka ifike kilometa 60. Nguvu ya umeme haisaidii kitu hapa, ongeza upendavyo. Na ndege yenye kwenda kilometa 800 kwa saa inamaliza zile 245 kwa dakika 18. Mu dakika 18 utaamsha mji mzima namna gani?

Njo maana walitafuta kusogeza rada mbele, mbali sana mu bahari. Mashua ya vita yenye mbio ingeweza, lakini inakula mafuta mengi, ina nafasi kidogo, na iko na kazi zingine. Hapa walitaka chombo cha kukaa pahali pamoja, chenye tumbo kubwa. Nani anafaa kuliko mashua ya mizigo isiyojua kukimbia? Ule ulegevu waliouchekelea haukuwa kosa tena.

Basi James G. Squires ikaingizwa ku kiwanda cha jeshi la maji. Mahali pa mizigo pakagawanywa: vyumba vya kulala, ghala za chakula, vyumba vya giza vya kuangalia rada. Juu wakasimamisha antena kubwa, moja ya kutafuta ndege mbali, ingine ya kupima urefu wake toka chini. Wakaweka mizinga miwili tu ya milimeta 76, na watu 150 hivi. Mwaka 1955 ikaanza kazi na jina jipya: Guardian, maana yake Mlinzi. Zikafuata zingine mpaka zikatimia 16, na majina yao yalikuwa ya kazi moja: Lookout, mwenye kuchungulia, Searcher, mwenye kutafuta, Vigil, mkesha. Nane zililinda upande wa Atlantiki, nane upande wa Pasifiki, zile za pili zikitokea San Francisco.

Kila mashua ilikwenda kusimama kilometa mia nyingi toka pwani, mwezi mmoja ao zaidi, inazunguka pahali pake. Rudia sasa hesabu yetu. Mashua iko kilometa 700 mbele, na yenyewe inaona kilometa 245 mbele yake: jumla 945. Zile dakika 18 zimekuwa 70. Watu wa rada waliandika kila ndege, wakapeleka habari kwa radio ku nchi kavu. Ndege za abiria zilijulikana kwa saa zao. Ile isiyojulikana, ndege za vita zilitumwa kuitazama. Vilevile walipeleka habari za upepo na mvua.

Kazi ile haikuwa starehe. Bahari ya Atlantiki wakati wa baridi iko na mawimbi kama nyumba, na Liberty bila mzigo wa kawaida inalala huku na huku. Tena watu wale walijua jambo moja. Mwaka 1945, mu vita vya Okinawa, mashua za rada zilizowekwa mbele kuonya wengine njo zilipigwa kwanza na ndege za Wajapani, na kadhaa zilizama na watu wao. Kama vita ingeanza, Guardian na mizinga yake miwili, na mwendo wake wa kinga, ingekimbilia wapi? Hata minara ya rada iliyosimamishwa ku bahari haikuwa salama: mmoja, Texas Tower 4, ulianguka mu dhoruba tarehe 15 Januari 1961, na watu 28 walikufa.

Miaka yote ile adui hakuja. Mimi ninayezunguka ku vyumba vya kulala na taa usiku, nikikuta wote wamelala, ninafahamu kidogo: kesho hakuna anayeuliza kama ulipita.

Kilichomaliza kazi yao si uzee. Mwaka 1957 Warusi walijaribu roketi ya kuvuka bara, na mwezi wa kumi wa mwaka ule ule wakarusha Sputnik. Roketi ya namna ile inapita juu kuliko ndege yoyote, na inafika kwa nusu saa hivi. Rada ya Guardian ilitengenezwa kwa ndege, si kwa kitu kile. Walakini ndege za Warusi zilikuwa bado zipo, kwa hiyo mashua ziliendelea kulinda miaka mingine. Mwaka 1965 zote zikaondolewa kazini, zikafungwa pamoja na mashua zingine zisizotumiwa, kisha zikauzwa ku watu wa kukata vyuma.

Liberty tatu zinahifadhiwa hata leo: moja San Francisco, moja Baltimore, moja Piraeus mu nchi ya Ugiriki.  Kati ya zile 16 za zamu, hakuna hata moja.