Hewa ya tiyo inafika wapi ndani ya shimo?

Wenye kukaa Nyalukemba wanaona ziwa kila asubuhi, lakini gazi yake hawaioni: chini sana ya Kivu kuko karibu kilomita 300 za mraba-tatu za gazi karboniki, na 60 za metani. Gazi karboniki iko nzito kupita hewa. Upande wa Goma inatoka udongoni na kulala kwenye mabonde, ndiyo mazuku. Kwa shimo la mchimbaji pia inalala chini.

Basi munashusha tiyo, munawasha mashini ya kupuliza. Wengi wanazani hewa inaenda moja kwa moja sawa risasi. Hapana. Ikitoka tu mdomoni mwa tiyo inajizungusha, inavuta hewa ya pembeni, inachanganyika nayo na kupanuka. Kwa tiyo ya upana wa sentimita 10, kisha mita 3 mwendo unabakia karibu moja juu ya tano. Kisha mita 6, moja juu ya kumi. Hata mukiongeza nguvu ya mashini, hesabu hiyo haigeuki.

Na inavuta nini? Mwisho wa shimo hakuna mlango mwingine, inavuta ile hewa iliyochoka. Mutu anasikia baridi usoni, kumbe sehemu kubwa ya anachopumua ni ileile. Mdomo wa tiyo ufuate mwenye kuchimba, mita kwa mita. Mama mwenye kijana shimoni amuulize: tiyo yenu inaishia wapi?

Amuulize pia mashini ya mafuta inakaa wapi. Moshi wake ukivutwa ndani ya tiyo, unashuka mpaka kwa mutu wa chini, na sumu yake haina harufu.