Mazoezi Yasiwe Adhabu

Mara nyingi katika ukurasa huu tumewahimiza kufanya mazoezi ya mwili, na mara nyingi mmetujibu kliniki kwamba mmejaribu mkashindwa. Mwezi huu tumeona tuache kwanza kuhimiza, tutazame kwa nini wengi hushindwa.

Mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwenye umri wa miaka 46, alikuja kwetu kupima presha, akakutwa na 168 kwa 102. Aliandikiwa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Neno hilo la mazoezi tulilisema sisi wenyewe wauguzi, kwa haraka, foleni ikiwa ndefu, bila kumweleza ni mazoezi gani. Kesho yake saa 11 alfajiri alivaa raba za mwanawe, akajiunga na vijana wanaokimbia kuelekea Jangwani. Siku ya tatu goti likavimba. Akaacha mbio, na kwa aibu akaacha na kliniki pia, maana aliona atagombezwa. Dawa zikamwishia. Baada ya miezi 7 aliletwa na binti yake, mdomo umepinda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Kilikuwa kiharusi.

Mama huyu hakuwa mvivu. Mtu anayefungua duka saa 1 asubuhi na kulifunga saa 12 jioni haitwi mvivu. Kosa lilikuwa kwamba yeye, na sisi tuliomshauri, tulihesabu mazoezi kuwa adhabu ya kulipia unene. Wala si ajabu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo shuleni: mwanafunzi aliyechelewa alizungushwa uwanja, aliyepiga kelele aliruka kichurachura. Tukamaliza shule tukijua kwamba kutoka jasho ni malipo ya kosa. Na adhabu, hata mtu akiikubali, huitumikia kwa siku chache tu, kisha hutafuta namna ya kuikwepa.

Sasa tueleze mwili unahitaji nini hasa. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, saa zile zile, lakini dereva alikaa kutwa nzima, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua hawakufa haraka kama wao. Hakuna kondakta aliyekuwa akikimbia alfajiri kwa sababu ya moyo wake. Alikuwa kazini tu.

Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo wa sokoni hawahitaji kuambiwa wakimbie. Wao wanahitaji maji, mapumziko, na kujifunza kuinua mzigo kwa kukunja magoti ili kuokoa mgongo. Tunaohitaji kuinuka ni sisi tunaokaa: wenye maduka, mafundi cherehani, makarani, madereva wa daladala na bajaji. Pamoja nasi wamo mashabiki wa Simba na Yanga, ambao hutoka jasho jingi mbele ya televisheni lakini miguu yao haijasogea.

Msuli unapofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Mishipa ya damu hulegea na kupanuka, na presha hushuka kidogo kwa saa kadhaa. Mtu akizoea, hubaki chini zaidi. Usingizi huwa mzuri na moyo wa huzuni hupata nafuu. Nafuu hizo huweza kuja hata kama mzani haujapungua kilo moja. Tunalirudia hili kwa sababu kina mama wengi huacha mazoezi baada ya mwezi kwa kuona uzito uko pale pale. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo na polepole. Kinachoupunguza zaidi ni kile kilichomo sahanini. Basi usiupe mzani kazi ya kukuhukumu. Jiulize kama ngazi za ghorofa ulizokuwa ukizipanda kwa kuhema sasa unazipanda huku ukizungumza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hutuambia wakiwa wamefunga mlango. Katika mitaa yetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya mambo mazuri. Akikonda, majirani huanza kunong'ona kwamba ana UKIMWI. Tumewaona kina mama wenye kisukari wakiogopa kutembea jioni kwa hofu ya kupungua na kusemwa. Wengine ni wagonjwa wetu wa dawa za kupunguza makali ya virusi, ambao wamefurahi kurudisha mwili na hawataki kuona hata kilo moja ikiondoka. Hofu hiyo hatuicheki. Wapo walioachwa na waume na kunyimwa vyumba kwa sababu ya maneno kama hayo. Twawaambia kwamba lengo si kukonda. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, wala hakutaja kipimo cha kiuno.

Ni mazoezi gani basi? Ni yale ambayo ukiyakosa wiki moja utayakumbuka. Mwenye kupenda maongezi atembee na mwenzake, kwa mfano kwenda jumuiya badala ya kupanda bodaboda. Kwaya zetu zinazoimba kwa kucheza, zikifanya mazoezi ya wimbo kwa saa nzima, zinawafanyia wanakwaya kazi ambayo daktari angeiandika katika cheti. Mnazi Mmoja hupata watu wa mazoezi alfajiri, na vikundi vya jogingi vya mjini hukimbia vikiimba, jambo linalosaidia pumzi na furaha (ila vile vinavyokimbia Jumapili asubuhi tungeviomba vikumbuke saa ya Misa). Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Ni mwanzo mzuri, ila mara moja kwa mwezi haitoshi.

Sisi tumependa zaidi michezo ya utotoni. Ni nani kati ya kina mama aliyesahau rede? Mpira wa soksi kuukuu, chupa na mchanga, na yule wa katikati akijaza chupa huku akikwepa. Mchezo huo una kukimbia, kuinama, kugeuka ghafla na kucheka. Kuruka kamba na mpira wa pete ni vivyo hivyo. Kina mama wa WAWATA wanaoona haya kuchezea barabarani mbele ya vijana wenye maneno wanaweza kumwomba Paroko uwanja wa kanisa saa moja kwa wiki. Hatujapata kusikia Paroko aliyekataa.

Kwa kipimo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima ajishughulishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa nguvu ya wastani, yaani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku 5. Si lazima ziwe mfululizo. Hata dakika chache za kupanda ngazi zahesabiwa. Watoto wanahitaji saa nzima kila siku, kwa hiyo tusiwaite ndani mapema mno wanapocheza kombolela. Wazee wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara, kama kusimama kwa mguu mmoja wakishika kiti, ili wasianguke.

Aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha aanze na dakika 10 na kuongeza kila wiki. Apime presha na sukari kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kisukari achukue peremende au sukari mfukoni, avae viatu vilivyofunika vidole, na atazame nyayo akirudi. Yeyote akibanwa kifua, akiishiwa pumzi kuliko kawaida au akiona kizunguzungu, aache mara moja na aje hospitali. Na dawa za presha zisiachwe kwa sababu mtu amejisikia vizuri.

Yule mama wa vitenge anaendelea na dawa zake, na mkono umepata nguvu kiasi cha kukunja vitambaa. Goti lake halimruhusu rede, lakini jioni akifunga duka hutembea na binti yake polepole mpaka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, akisalimiana na watu njia nzima. Mara ya mwisho alipopimwa ilikuwa 138 kwa 86. Alitaka kujua kama akizunguka kupitia Mtaa wa Lumumba itahesabiwa.