Kiwanja Kimoja, Timu Sita

Anayetaka kujua kwa nini watoto wa Dar es Salaam wanakosa pa kufanyia mazoezi ya soka, aanze na saa kabla ya ramani. Siku ya shule, mtoto hafiki kiwanjani kabla ya saa 10 jioni, na wa tuisheni huchelewa zaidi. Jua la jiji hili huzama baina ya saa 12:10 na saa 12:50 hivi, kutegemea mwezi, na viwanja vingi vya mchangani havina taa. Kwa hiyo kiwanja kilichoshinda kitupu tangu asubuhi, kikikatizwa na bodaboda, ghafla kinatakiwa na kila mtu kwa saa mbili zilezile: watoto wa chini ya miaka 10, vijana wa chini ya 17, timu ya mtaa inayojiandaa na michuano ya ndondo, na maveterani waliotoka kazini.

Katika foleni hiyo mtoto ndiye wa mwisho. Maveterani huchangishana, hununua nyavu, humpa chochote anayetunza kiwanja, na pengine mmoja wao ni rafiki wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Timu ya ndondo ina mashabiki na mfadhili. Mtoto ana kocha wa kujitolea mwenye mipira mitatu, mmoja umetoboka. Basi watoto husogezwa nyuma ya goli, au huambiwa waje saa 9, ambapo siku ya shule hawawezi kufika na jua bado linachoma. Sidhani kama yupo aliyekaa akapanga kuwanyima. Kiwanja kisicho na ratiba hugawiwa na mwenye sauti na mwenye mfuko, basi.

Halafu kuna hesabu ya mita, ambayo makocha wetu wengi hawaifanyi. Kiwanja kamili cha kimataifa kwa kawaida kina mita 105 kwa 68. Wakicheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kinabeba wachezaji 22, na mtoto wa miaka tisa aliye winga anaweza kumaliza nusu saa akiwa amegusa mpira mara chache za kuhesabika. Uingereza, chama cha soka kiliwatoa watoto kwenye mfumo huo: wa chini ya miaka 9 na 10 wakapangiwa saba kwa saba kwenye eneo la takriban mita 55 kwa 37, na wadogo zaidi wakapewa tano kwa tano kwenye mita 37 kwa 27. Marekani nayo ilifuata njia inayofanana mwaka 2017.

Sasa chukua vipimo hivyo uvilaze juu ya kiwanja chetu kwa kukikata kimapana. Vinaingia viwanja viwili vya saba kwa saba na kimoja cha tano kwa tano. Hizo ni timu sita, watoto 38, ndani ya saa ileile, na bado pembeni panabaki eneo la kufundishia makipa. Kinachohitajika ni chokaa, koni na magoli madogo ya mabomba yanayobebeka. Ugumu uko kwa watu wazima: makocha watatu wakubali kugawana kiwanja, na wazazi waache kuamini kwamba bila magoli makubwa hakuna mpira.

Lakini ujanja wa kugawana una kikomo chake. Ardhi yenyewe inapungua. Shule nyingi za umma zilipojaa wanafunzi, madarasa mapya yalihitaji pa kusimama, na palipokuwa wazi ni kiwanjani. Mwalimu mkuu mwenye watoto waliokaa sakafuni hawezi kulaumiwa kwa hilo. Jangwani, ambako vizazi vya wachezaji vilijifunzia, sehemu ya bonde la Msimbazi ilichukuliwa na karakana ya mabasi ya mwendokasi, na sehemu iliyobaki hufunikwa na maji mvua zikizidi. Kwenye makazi yaliyojengwa bila kupimwa, hata eneo la wazi la kuporwa halikuwepo tangu mwanzo.

Nyasi bandia na taa ni jibu la kweli kwa tatizo la saa, kwa sababu zinaongeza usiku kwenye ratiba na hazihitaji kupumzishwa kama nyasi za asili. Kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015, kilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana katikati ya jiji. Ila kiwanja cha namna hiyo ni ghali kukitunza, kwa hiyo huwekewa uzio. Uzio huleta geti, na geti huleta kodi ya saa. Viwanja vidogo vya kukodi vinavyozidi kuota mijini vinajaa usiku, na wanaojaa humo ni wafanyakazi wa ofisini.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye bonde la Msimbazi, ambako mradi unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia unakusudia kudhibiti mafuriko na kutengeneza bustani kubwa ya jiji. Bustani hiyo ikichorwa na viwanja, swali la kuwauliza wahusika mapema ni nani atashika daftari la ratiba, na je, saa 10 hadi saa 12 jioni, siku za shule, zimeandikwa humo kwamba ni za watoto, bila malipo?