Kuipa Injini Hewa ya Ufipa

Kijana aliyelipokea gari lake aina ya Toyota Altezza katika bandari ya Dar es Salaam, akalipitisha Morogoro, Iringa na Mbeya hata akafika Tunduma, kisha akashika barabara ya lami iendayo Sumbawanga, ile ya kilomita zaidi ya 220 iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, hafiki kijiji cha Kaengesa kabla ya kuhisi kwamba gari lake limepungukiwa na kitu. Halina maradhi: petroli ni safi, plagi ni mpya, mafuta ya injini hayajachakaa, walakini ile kasi iliyomfurahisha pwani haipo tena, na kilima ambacho alidhani atakipanda kwa gia ya nne humtaka ashuke hadi ya tatu. Aghalabu rafiki zake humpa shauri moja, nalo ni kulitoa lile sanduku jeusi la plastiki lililofunika chujio la hewa, na kutia mahali pake bomba la kutengeneza mwenyewe, lenye chujio la umbo la pia mwishoni, ili injini ivute hewa baridi kwa wingi. Shauri hilo lina kweli ndani yake na lina uongo, na vimechanganyika kiasi kwamba vijana wengi hupoteza fedha zao, na baadhi yao injini zao, kabla ya kuvitenganisha.

Injini haili petroli peke yake. Kwa kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili moto wake uwe kamili, na jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hesabu hiyo ni ya uzito, si ya ukubwa wa nafasi. Altezza ya silinda nne, iliyotengenezwa Japani tangu 1998 hadi 2005 na kupewa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo kwa kipindi cha 1998–1999, ina injini ya lita 2 ambayo katika aina ya gia sita za mkono ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 210 katika mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwa kuwa injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili, hewa inayopita humo kwa mwendo huo ni takriban lita 7,600 kila dakika, iwe gari liko pwani ya Kigamboni au liko Kaengesa. Lita hazibadiliki, kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo katika kila lita.

Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani, katika joto la nyuzi 30, ina uzito wa takriban kilo 1.16. Sumbawanga na vijiji vya uwanda wake viko karibu na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa imeshuka hata kufikia kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani. Kwa hiyo mita hiyo hiyo moja ya ujazo, hata katika asubuhi ya kipupwe ambapo kipimajoto kinasoma nyuzi 15, haizidi sana kilo 0.98. Huo ndio upungufu anaouhisi kijana wetu, na hakuna bomba duniani litakalomrudishia, maana umetokana na kimo cha nchi yenyewe. Magari yenye tabo huumia kwa uchache kuliko hili, kwa sababu tabo huishindilia hewa kabla haijaingia katika silinda; na magari ya zamani yenye kabureta yaliumia zaidi, kwa kuwa kabureta haikujua kwamba hewa imepungua, ikaendelea kumwaga petroli ya pwani katika hewa ya mlimani, na moshi mweusi ukawa ushahidi wake. Gari la siku hizi lina kompyuta inayoipima hewa na kupunguza petroli kwa kadiri yake. Nguvu hupungua, lakini moto hubaki safi.

Sasa itazame ile hewa iliyo chini ya boneti baada ya gari kutembea kwa saa moja. Redieta inatoa joto, bomba la moshi linatoa joto, chuma cha injini kinatoa joto, na hewa iliyonaswa hapo, hasa gari linapokwenda polepole nyuma ya lori la mahindi, hufika nyuzi 60 pasipo taabu. Katika joto hilo hewa ya Kaengesa ina uzito wa kilo 0.85 tu kwa kila mita ya ujazo. Mwenye injini isiyo na tabo amekwisha kupoteza karibu moja ya sita kwa ajili ya kimo cha nchi. Akiifanya injini ivute hewa ya chini ya boneti, hupoteza zaidi ya moja ya nane ya kile kilichobaki. Hasara ya kwanza haina dawa. Hii ya pili ameinunua mwenyewe.

Na hapa ndipo ulipo uongo wa lile shauri. Sanduku jeusi lililotoka kiwandani, katika magari mengi ya Japani, halivuti hewa ya chini ya boneti hata kidogo; lina mdomo unaochungulia nyuma ya taa au ndani ya madigadi, mahali ambapo hewa ya nje hupita. Wahandisi waliolisanifu waliijua hesabu tuliyoieleza kuliko sisi sote. Anayelitoa sanduku hilo na kutundika chujio tupu kando ya injini amelitoa gari katika hewa ya nyuzi 20 na kulitia katika hewa ya nyuzi 60, kama mtu atafutaye upepo kwa kwenda kuketi jikoni. Anachopata ni ngurumo, kwa kuwa sanduku lile lilikuwa pia likizima sauti. Na sikio la binadamu, likisikia ngurumo, huuambia moyo kwamba kasi imeongezeka.

Ya kweli iliyomo katika shauri hilo ni kwamba sanduku la kiwandani lilisanifiwa kwa ajili ya ukimya na bei nafuu pia, na kwamba njia yake huwa nyembamba na yenye kona zaidi ya haja; fundi mwangalifu anaweza kuipanua na kuinyosha. Faida atakayoipata ni ndogo, nguvu za farasi chache katika zile 210, tena katika mizunguko ya juu. Lakini ni faida ya haki, na ufundi wa kuifikia unanifurahisha, kwa kuwa kila kitu kinachohitajika kinapatikana Sumbawanga mjini kwa mchomeleaji, kwa muuza vifaa vya ujenzi na kwa mshona bati.

Wala watu wa Ufipa, yaani uwanda huu wa Sumbawanga, si wageni wa elimu hii ya kuiongoza hewa. Kabla ya majembe ya viwandani kuenea, wahunzi wa Kifipa walijenga matanuri ya udongo yaliyoitwa malungu, mengine yakifikia karibu mita 3 kwa urefu, yenye matundu ya hewa kuzunguka vitako vyake, wala hayakuvukutwa na mtu: joto lililopanda ndani ya tanuri lenyewe ndilo lililovuta hewa mpya kutoka chini, mchana na usiku, hata jiwe likatoa chuma. Chuma hicho kilisafishwa baadaye katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameuchunguza uhunzi huo kwa miaka mingi, na mabaki ya malungu yanaonekana hata leo katika nchi hiyo. Waliojenga vile walijua kwamba upana wa tundu, na mahali lilipotobolewa, ndivyo vinavyoamua kama tanuri litavuta au litazimika. Fundi wa bomba la gari anakabiliwa na swali lile lile.

Basi na aanze na mdomo, si na bomba. Aufungue uso wa gari, atafute mahali ambapo hewa ya nje inafika pasipo kupita kwanza katika redieta: nyuma ya taa, au juu ya redieta penye uwazi wa mbele, au ndani ya madigadi. Akipata mahali pa chujio, alizungushie ukuta wa bati la alumini, uliokatwa kwa kufuata umbo la mahali hapo, na juu ya ukingo wa ukuta huo atie mpira wa mlango, ili boneti ikifungwa iukalie mpira na chujio lisalie katika chumba chake, likitazama nje tu. Kazi hii ya ukuta ndiyo roho ya shughuli nzima. Nimeona bomba la kupendeza, limeng'arishwa hata mtu anajiona uso, lakini halina ukuta, na kazi yote ikawa pambo. Mshona bati wa sokoni, ambaye amezoea kutengeneza ndoo na mabirika, ana mkono wa kutosha kuufanya ukuta huo kwa mchana mmoja akiletewa kielelezo cha boksi la karatasi.

Bomba lenyewe halina maneno mengi. La alumini ndilo bora. La plastiki ya maji hulainika kwa joto, na likitumiwa liwekwe mbali na bomba la moshi. Kona ziwe chache na za mduara mpana, viungo viwe vya mpira wa silikoni, na kila kiungo kikazwe kwa klipu.

Kinachotaka uangalifu mkubwa ni kile kipimo cha hewa ambacho magari mengi ya Japani huwa nacho kati ya chujio na injini, chenye uzi mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita huupoza uzi huo, na kompyuta, kwa kuupima umeme unaohitajika kuurudishia joto lake, hujua ni hewa kiasi gani imeingia. Hesabu hiyo ilifanywa kwa bomba la kipenyo maalumu. Fundi akikiweka kipimo hicho katika bomba pana zaidi, mwendo wa hewa mbele ya uzi hupungua, kompyuta hudhani hewa ni kidogo, petroli hupunguzwa, na injini huchoma mchanganyiko mkavu unaoweza kuzitoboa pistoni. Kwa hiyo kipande kile cha bomba kilichobeba kipimo kinakiliwe kwa kipenyo kile kile, tena kiwe na sehemu iliyonyooka mbele yake. Kadhalika mirija midogo inayorudisha mvuke wa injini katika njia ya hewa irudishwe yote, wala pasiwe na ufa wowote baada ya kipimo, maana hewa iingiayo hapo haikuhesabiwa.

Halafu kuna vumbi. Barabara kuu ni lami, lakini njia ziendazo mashambani, ambazo ndizo njia za kila siku za watu wa Kaengesa, katika kiangazi hutimka vumbi jekundu lenye chembe za mchanga, na mchanga ukipita katika chujio huwa tupa inayokwangua silinda na ringi zake. Machujio ya pamba iliyopakwa mafuta, yanayosifiwa katika michezo ya magari, hupitisha hewa kwa wepesi. Lakini yakipakwa mafuta kwa kuzidi, mafuta huruka hadi katika ule uzi wa kipimo na kuuharibu, na yakiachwa makavu hupitisha vumbi. Kwa nchi hii ningechagua chujio la karatasi lenye eneo kubwa, nikilibadilisha mapema, hata kama hadhi yake mbele ya vijana ni ndogo.

Maji nayo yanataka heshima. Wako wanaoushusha mdomo wa bomba hadi chini ya bampa, ambako ni kweli kuna hewa baridi. Lakini masika ya Ufipa hujaza madimbwi, na maji hayashindiliki kama hewa: pistoni ikikutana nayo, konrodi hupinda, na injini imekwisha. Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, timu kubwa zilielekea upande wa pili kabisa. Subaru Impreza iliyompa dereva Colin McRae ushindi wa 1997 ilikuwa na bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele kuelekea paani, likikimbia maji na vumbi, ingawa kila kona ya nyongeza ilikuwa ni nguvu iliyopotea.

Kazi ikiisha, ipimwe kwa kipimajoto, wala sikio lisiaminiwe. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari huonyesha joto la hewa iingiayo. Dereva na alinganishe joto hilo na la nje, kwanza gari likienda, kisha likisimama na injini ikinguruma. Likienda, tofauti ikiwa ni ya nyuzi chache, ukuta umefanya kazi yake. Ikizidi 15 au 20, ukuta unavuja, na sanduku la zamani lilikuwa bora.

Sanduku hilo lisiuzwe kwa vyovyote. Siku mwenye gari atakapoteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu na mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, atashangaa kuona injini imepata nguvu ingawa jua ni kali: kwa kimo kile hewa ya nyuzi 32 bado ina uzito wa kilo 1.05, zaidi ya hewa baridi ya kwao juu. Lakini vumbi la bondeni ni jingi kuliko la uwandani, na kwa safari ya namna hiyo chujio lililofungiwa pande zote katika sanduku la kiwandani hulinda injini kuliko lililozungushiwa ukuta wa bati. Kulirudisha ni kazi ya kufungua klipu mbili na boliti chache, na lifungwe kabla gari halijaondoka nyumbani.