DAMU MOJA, SHANGA MBALIMBALI

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Nami niliamini hivyo, hadi figo za kaka yangu mkubwa zilipokataa kufanya kazi. Mara mbili kwa wiki alikuwa akienda kuoshwa damu kwa mashine, na kila akirudi alikuwa hoi bin taabani. Daktari akasema heri apandikizwe figo ya ndugu yake. Tulifurahi! Sisi tumezaliwa wanne, baba mmoja mama mmoja, kwa hivyo tulidhani yeyote angefaa. Mimi nilikataliwa papo hapo kwa kuwa sijatimiza miaka 18. Dada na kaka wa pili wakapimwa, pamoja na wazazi.

Majibu yalipokuja, dada hakulingana na mgonjwa hata kidogo. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Shangazi mmoja alimwambia jirani, "Huyu msichana kweli ni wa ndugu yangu?" Maneno yakamfikia mama, akalia siku mbili. Nami nikamwendea mwalimu wetu wa Bayolojia. Aliyonieleza ndiyo ninayowaletea leo.

Katika seli zetu mna kromosomu 46, yaani jozi 23. Kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6 kuna kikundi cha jeni kiitwacho HLA. Jeni hizi hutengeneza alama zinazokaa juu ya seli, mithili ya sare ya shule. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zikiona sare ngeni hushambulia. Ndiyo sababu figo ya mtu mwingine yaweza kukataliwa. Alama ya kwanza ya namna hii ilielezwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Hata upandikizaji wa figo wa kwanza kufaulu, huko Boston, Marekani, mwaka 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana. Sare yao ilikuwa moja!

Sasa chukua uzi na shanga. Jeni za HLA zimepangwa kwa foleni: A, C, B, DR, DQ, halafu DP. Baba ana nyuzi mbili, tuseme mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mama naye ana mweupe na wa kijani. Kila mtoto hupewa uzi mmoja wa baba na mmoja wa mama. Hesabu mwenyewe: nyekundu na nyeupe, nyekundu na kijani, nyeusi na nyeupe, nyeusi na kijani. Basi ukimlinganisha mtoto na nduguye, nafasi ya kufanana kabisa ni 1 kwa 4, kufanana nusu ni 2 kwa 4, na kutofanana kabisa ni 1 kwa 4. Kaka mkubwa alipata nyekundu na nyeupe. Dada alipata nyeusi na kijani. Shanga zote za dada zilitoka kwa baba yule yule na mama yule yule!

Na kaka wa pili je? Yeye alikuwa na nyekundu na nyeupe kama mgonjwa, isipokuwa ushanga mmoja: kwenye A ya upande wa baba palikuwa na mweusi. Mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu mbili za jozi hukumbatiana, hukatika na kubadilishana vipande. Jeni zilizo mbali hutenganishwa mara nyingi, zilizo karibu mara chache. Kwa hesabu hiyo, Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan huko New York, alichapisha mwaka 1913 ramani ya kwanza ya jeni, za nzi wa matunda. Hadi leo kipimo cha ramani hizo huitwa sentimogani, kwa heshima ya mwalimu wake. Kati ya A na B za HLA, uzi hukatika karibu mara 1 tu kwa 100. Kwetu ulikatika!

Daktari alisema tofauti hiyo moja si kizuizi. Siku hizi hata figo isiyolingana yaweza kupandikizwa, mradi mgonjwa anywe dawa za kutuliza kinga. Kaka wa pili alitoa figo yake, na mgonjwa sasa anakula ugali kama zamani, ila dawa hakosi hata siku moja.

Jioni moja nilimwekea shangazi shanga mezani, nikampangia nyuzi nne, nikamwonyesha za dada. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda jikoni aliko mama, akafunga mlango. Walichosemezana sikijui, lakini walitoka pamoja wakibeba chai.

Wenzangu, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, kwanza tuhesabu shanga. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu