Kilo za mkulima zikiwa winguni, nani huzilinda mitambo inapoboreshwa?

KATIKA vituo vya kununulia majani chai vya Chepseon na vijiji vingine vya Kipkelion Mashariki, Kaunti ya Kericho, mkulima huondoka na jambo moja tu la kuthibitisha kazi yake ya siku: idadi ya kilo zilizosomwa na mizani. Majani yenyewe hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kiwandani, ambako huchanganywa na ya wengine. Kuanzia hapo hakuna awezaye kutambua lipi lilitoka shamba gani. Kinachobaki ni kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ndiyo msingi wa malipo ya kila mwezi. Mwaka wa fedha unapomalizika Juni 30, ndiyo hujumlishwa ili kukokotoa malipo ya pili, ambayo wakulima huyaita bonasi. Kwa familia nyingi za Kericho na Bomet, bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati ya nyumba na ndiyo deni la mbolea. Kilo zikipotea katika kumbukumbu, hakuna majani ya kurudi kupimwa upya.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa daftari na kalamu. Leo mizani ya kielektroniki imeingia katika vituo vya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika ambalo asili yake ni mamlaka ya serikali iliyoundwa mwaka 1964 na ambalo huhudumia zaidi ya wakulima wadogo 600,000. Kumbukumbu za namna hii, ziwe za chai, za maziwa au za mikopo ya sacco, zinazidi kuhifadhiwa katika kile kinachoitwa wingu, yaani tarakilishi za kukodi zilizo mbali na mwenye data. Programu zinazozishughulikia nazo mara nyingi huendeshwa ndani ya kontena.

Maelezo yafuatayo hayahusu mtambo wa shirika lolote mahususi. Yanahusu teknolojia yenyewe, na swali ambalo wakurugenzi wa viwanda na vyama vya ushirika hawana budi kuliuliza: je, siku mtambo utakapoboreshwa, kilo za mkulima zitakuwa salama?

Kontena la programu

Jina hili limetokana na kontena la chuma linalofahamika na kila aliyefika bandari ya Mombasa. Mnamo Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Faida yake ilikuwa dhahiri. Kuli hakuhitaji tena kujua kilichomo ndani, kwa kuwa sanduku lilikuwa la kipimo kimoja, na meli, lori na winchi zote ziliweza kulibeba.

Wahandisi wa tarakilishi waliiga wazo hilo. Programu hufungwa pamoja na vyote inavyohitaji ili iweze kuendeshwa kwenye mashine yoyote bila kusumbua. Mtindo huu ulienea baada ya Docker kutolewa mwaka 2013. Mwaka uliofuata Google ilitangaza Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Kazi yake ni kusimamia makontena mengi katika kundi la mashine, ambalo wataalamu huliita klasta. Kontena likifa, Kubernetes huwasha jingine. Mashine ikiharibika, huyahamishia makontena yake kwenye mashine nyingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kontena limeundwa ili life na kuzaliwa upya wakati wowote, na chochote kilichoandikwa ndani yake hufa pamoja nalo. Mkulima wa chai ataelewa upesi: majani huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili na kuchipua tena, lakini shina hubaki ardhini kwa miongo mingi. Programu ni majani. Data ni shina. Shina liking'olewa, hakuna cha kuchipua.

Shina hupandwa wapi?

Kwa sababu hiyo data huwekwa nje ya kontena, kwenye diski inayojitegemea. Programu hutoa ombi la hifadhi, kwa mfano ya gigabaiti 100. Kubernetes hutazama daraja la hifadhi lililotajwa katika ombi hilo, kisha huagiza diski kutoka kwa kampuni ya wingu na kuiunganisha na kontena. Kontena likihamia mashine nyingine, diski hutenganishwa na ya kwanza na kuunganishwa na ya pili.

Urahisi huo una mitego yake. Mtego wa kwanza ni kanuni ya kufuta. Diski iliyoagizwa kwa njia hii ya moja kwa moja huwa na agizo kwamba ombi likifutwa, diski nayo ifutwe, isipokuwa msimamizi awe ameelekeza vinginevyo. Mtu anayesafisha mtambo, akidhani anaondoa programu ya zamani, anaweza kuondoa na kumbukumbu za msimu mzima. Dawa yake ni rahisi: diski zote zenye data muhimu zibadilishwe kanuni, ziwe za kubakizwa hata ombi linapofutwa. Gharama ni kwamba diski zisizotumika zitaendelea kulipiwa hadi mtu aziondoe kwa makusudi. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bonasi iliyopotea.

Mtego wa pili ni mahali. Diski za kawaida za Amazon, kwa mfano, huishi katika ukanda mmoja tu wa vituo vya data na haziwezi kuunganishwa na mashine ya ukanda mwingine. Kontena likianzishwa ukanda usio na diski yake, litakaa likisubiri bila kufanya kazi, ingawa data iko salama. Ndiyo maana mashine za akiba zinapaswa kuwepo katika kila ukanda wenye diski.

Kupogoa kwa zamu

Kuboresha klasta si hiari. Kubernetes hutoa matoleo mapya takriban matatu kwa mwaka, na kila toleo hupokea marekebisho ya kiusalama kwa karibu miezi 14. Anayekataa kuboresha hubaki na mlango usio na kufuli. Tena haruhusiwi kuruka ngazi: sehemu kuu ya usimamizi hupandishwa toleo moja baada ya jingine. Aliyelala miaka miwili ana ngazi kadhaa za kupanda, na kila ngazi ina hatari yake.

Mkulima hapogoi shamba lote kwa siku moja. Hupogoa sehemu kwa sehemu katika mzunguko wa miaka mitatu au minne ili mavuno yasikatike. Klasta nayo huboreshwa hivyo hivyo. Mashine moja huondolewa makontena yake, huboreshwa, hurejeshwa kazini, kisha huja zamu ya nyingine.

Tatizo ni kwamba baadhi ya mabadiliko hugusa mizizi. Hapo awali, maelekezo ya kuwasiliana na diski za kila kampuni ya wingu yalikuwa ndani ya Kubernetes yenyewe. Wahandisi waliamua kuyatoa na kuyaweka katika programu za pembeni, zinazoitwa viendeshi vya hifadhi, ili kila kampuni itunze chake. Utaratibu huo mpya ulithibitishwa kuwa tayari kwa kazi katika toleo 1.13, lililotolewa Desemba 2018. Toleo 1.23, la Desemba 2021, lilianza kuelekeza maombi ya diski za Amazon kwa kiendeshi hicho cha nje bila kuulizwa. Kufikia toleo 1.27, la Aprili 2023, maelekezo ya zamani ya diski hizo yalikuwa yameondolewa kabisa.

Maana yake kwa msimamizi ilikuwa moja. Aliyepanda hadi 1.23 bila kusakinisha kiendeshi kwanza angekuta programu zake zimesimama, kwa kuwa hakukuwa na wa kuziunganisha na diski zao. Data haikuwa imepotea, ila haikufikika, na kwa mkulima anayesubiri malipo tofauti hiyo ni ndogo. Funzo linabaki hata leo: kabla ya kupandisha toleo la klasta, hakiki kwanza toleo la kiendeshi cha hifadhi na ruhusa zake.

Kasi ya siku ya malipo

Kuna uboreshaji mwingine usiohusu toleo bali aina ya diski. Diski ya Amazon ya aina ya gp2 hupewa kasi kulingana na ukubwa wake: vitendo vitatu vya kusoma au kuandika kwa sekunde kwa kila gigabaiti. Diski ya gigabaiti 100 hivyo basi ina haki ya vitendo 300. Inaruhusiwa kupaa hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya kasi iliyojiwekea wakati wa utulivu, lakini akiba hiyo huisha baada ya kama nusu saa ya kazi nzito.

Mtambo wa namna hii unaweza kuonekana mwepesi mwaka mzima, kwa kuwa mizani hutuma kilo kidogo kidogo. Siku ya kukokotoa bonasi, kumbukumbu za miezi 12 zinaposomwa kwa pamoja, nusu saa hupita na kasi huporomoka hadi sehemu moja ya kumi. Wengi huilaumu programu, kumbe ni diski.

Desemba 2020 Amazon ilitoa aina ya gp3, inayopewa vitendo 3,000 kwa sekunde bila kujali ukubwa, kwa bei ya kila gigabaiti iliyo nafuu kwa asilimia 20. Diski hubadilishwa ikiwa kazini. Hata hivyo, kubadilisha daraja la hifadhi katika Kubernetes hakuzigusi diski zilizokwisha kuundwa, bali zitakazoombwa baadaye. Za zamani sharti zibadilishwe zenyewe, moja moja. Ikumbukwe pia kwamba diski inaweza kuongezwa ukubwa lakini haipunguzwi, hivyo anayeongeza kwa pupa ataendelea kulipa.

Akiba ya data huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika data, akiba isiyojaribiwa huoza. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akijaribu kurekebisha hitilafu usiku, alifuta hifadhidata isiyo yake kufutwa. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala, lakini ilipozihitaji ikagundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Iliokolewa na nakala ya saa sita nyuma, iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine. Yaliyoandikwa katika saa hizo sita yalipotea.

Mfano wa pili ni wa Mei 2024. Kosa la mpangilio katika Google Cloud lilisababisha kufutwa kwa mtambo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, idadi inayokaribiana na ya wakulima wadogo wa chai nchini Kenya. Wanachama walikosa kuona akaunti zao kwa siku kadhaa. Jambo moja lililosaidia kurejesha huduma ni kwamba mfuko ulikuwa umeweka nakala kwa kampuni nyingine.

Picha za diski zinazochukuliwa ndani ya Kubernetes ni kinga nzuri dhidi ya kosa la siku hiyo. Hazitoshi peke yake iwapo zimekaa katika akaunti ile ile ya wingu, kwani anayeweza kufuta diski huenda akaweza kufuta na picha. Nakala moja haina budi kukaa nje, na kila baada ya muda irejeshwe kwenye mtambo wa majaribio ili jumla ya kilo ilinganishwe na ya asili.

Wingu lina anwani

Wingu halielei hewani. Hata seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Data iliyo ng'ambo inaweza kuwa salama kabisa na bado isifikike Chepseon. Kwa hivyo mizani ya kituoni inapaswa kuweza kutunza kilo za siku hata mtandao unapokatika.

Sheria nayo inahusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data ya mtu kuilinda, na inaweka masharti ya kuipeleka nje ya nchi. Inampa mwenye data haki ya kuiona na kutaka isahihishwe ikiwa na makosa. Mkulima si mgeni katika mtambo huo.

Wakurugenzi si lazima wawe wahandisi ili wawasimamie wahandisi. Yatosha kuuliza: Diski zetu zina kanuni ya kufutwa au ya kubakizwa? Kiendeshi cha hifadhi kimehakikiwa kabla ya toleo jipya? Nakala ilirejeshwa lini mara ya mwisho kwa majaribio, na ipo iliyo nje ya akaunti yetu? Ratiba ya kuboresha imeepuka majira ya malipo? Majibu yatolewe kwa maandishi na tarehe.

Mkulima naye asitupe stakabadhi zake za kilo hadi bonasi ilipwe. Pale mtambo na karatasi vitakapotofautiana, karatasi hiyo ndiyo nakala pekee iliyo mikononi mwake.