Gitaa Kavu la Mtumba: Libaki au Lirudi?

Je, wajua kuwa nyuzi sita za chuma za gitaa kavu, zikishakazwa sawasawa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi? Ni kama mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana, ilhali ubao wa juu unaobeba mzigo huo una unene wa milimita tatu tu, pengine pungufu. Kwa hiyo ukinunua gitaa lililokwisha tumika, na muuzaji amekupa siku chache za kulirudisha, kagua kwanza mzigo huo umelifanya nini.

Sauti isikuharakishe. Nyuzi zilizoshika kutu na jasho hufifisha gitaa zuri, na nyuzi mpya huficha ubovu kwa wiki kadhaa.

Anzia kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Ubao wa juu wa gitaa bora mara nyingi ni sprusi, mti wa jamii ya msonobari, mwepesi lakini mgumu. Chini yake hugandishwa vipande vya mbao vilivyopishana kwa umbo la herufi X, mtindo ulioanza kutumika Marekani katika miaka ya 1840, hasa kwenye karakana ya C. F. Martin. Tumbo kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, gundi imeanza kuachia.

Shingo ina kasoro mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kupinda. Gibson walianza kuweka nondo nyembamba ya chuma ndani ya shingo katika miaka ya 1920, na sasa magitaa mengi ya nyuzi za chuma yanayo. Fundi huizungusha kidogo tu, shingo ikanyooka. Ya pili ni shingo nzima kuinama mbele pale inapoungana na tumbo. Laza rula ndefu juu ya freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, uisukume mpaka darajani. Ikipita juu ya daraja au kuligusa kidogo tu kwa juu, shwari. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo itabidi ing'olewe na kuungwa upya, na kazi hiyo huweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Nyufa nazo zina viwango vyake. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Hewa ikikauka, ubao wa kipande kimoja husinyaa na huweza kupasuka. Plaiwudi huvumilia zaidi, ingawa mlio wake huwa hafifu zaidi. Gitaa la kwanza la mwanamuziki John Lennon, Gallotone Champion la plaiwudi kutoka Afrika Kusini, lilikuwa na lebo ndani yake iliyoahidi kwamba halitapasuka. Ufa uliozibwa vizuri na usiocheza ukiubonyeza si sababu ya kulirudisha gitaa.

Mwisho, piga kila uzi kwenye kila freti. Mlio wa kukwaruza wa sehemu moja mara nyingi ni freti iliyolika, kazi ndogo kwa fundi. Kisha piga hesabu: bei uliyolipa, jumlisha matengenezo. Ikipita bei ya gitaa zima la aina hiyohiyo, lirudishe, hata kama umeshalipenda.